Nifunge blogu nihamie TikTok? Jibu kwa mwenye blogu wa Mwanza

"Shikamoo kaka. Naendesha blogu ya habari za Mwanza na mpira tangu 2013, niko na mdogo wangu tu. Peji yetu ya Facebook ina folowazi 86,000, miaka ya nyuma ilikuwa inaleta watu 9,000 mpaka 12,000 kwa siku kwenye blogu, sasa hivi siku ikiwa nzuri ni 700. Wanaotoka Google nao wamepungua karibu nusu. Hela ya AdSense, yale matangazo ya Google, ilikuwa inalipa chumba cha ofisi na bando, sasa inaingia mara moja kwa miezi minne. Jamaa mmoja kaniambia Facebook wamenifungia kimyakimya, nibusti posti ndo watanifungulia. Kijana mwingine anasema nitumie akili mnemba niweke habari 30 kwa siku. Wengine wanasema blogu zimekufa nihamie TikTok, nimeuliza kamera, taa na maiki ni kama milioni 2.4. Na kuna mtu anataka kuinunua peji kwa milioni 4, mke wangu anasema niuze tu tufungue duka. Nimechanganyikiwa kaka, nifanye nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na sentensi iliyonigusa ni ile ya mwisho. Mtu akifanya kazi ileile kwa bidii ileile zaidi ya miaka 10, halafu watu wakaacha kuja, kitu cha kwanza anachowaza ni kwamba kuna kosa kafanya au kuna mtu kamfanyizia, na hapo ndo anakuwa tayari kununua dawa yoyote atakayoletewa. We umeshaletewa dawa nne mpaka sasa. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye kamera na milioni 4 za huyo mnunuzi ngoja kwanza nikueleze ugonjwa wenyewe, maana ukiuelewa, dawa tatu kati ya hizo nne utazikataa mwenyewe.

We ni mtu wa Mwanza, Kigongo unapajua kuliko mimi. Enzi za kivuko magari ya kwenda Sengerema na Geita yanapanga foleni, watu mnakaa hata masaa mawili mnasubiri zamu, na pale palikuwa na biashara nzima, samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, karanga, maji, vocha. Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kama kilomita 3, gari linapita dakika chache tu na hakuna tena mtu wa kusimama. Yule mama wa samaki hajaharibu mapishi na wateja hawajamchukia, ila biashara yake ilikuwa imekaa juu ya foleni, na foleni haikuwa yake. Kilichokukuta wewe ni hicho hicho, tena kimekukuta mara mbili. Facebook walianza kwa kuondoa foleni, halafu Google nao wakaja wakajenga daraja.

Tuanze na Facebook. Hujafungiwa kimyakimya, na hili unaweza kulihakikisha mwenyewe leo hii bila kumlipa mtu. Ingia kwenye peji, tafuta sehemu inayoonyesha hali ya peji, hapo wanaandika kama kuna posti imevunja masharti au kama kuna kitu wamekuzuilia. Pakiwa peupe, ujue hakuna kesi juu yako. Kilichotokea ni uamuzi wa kibiashara uliofanyika mbali sana na Mwanza na umewapiga wenye vyombo vya habari dunia nzima, wakubwa kwa wadogo. Kipindi unaanza, 2013, na miaka miwili mitatu iliyofuata, Facebook walikuwa wanazitaka sana habari kwa sababu ndo zilikuwa zinawafanya watu wafungue apu kila baada ya dakika, mpaka 2015 wakaleta Instant Articles ili habari zisomeke ndani ya apu yao haraka. Januari 2018 Mark Zuckerberg akatangaza kwamba wanarudisha nguvu kwa ndugu na marafiki, na habari zitashuka kutoka kama asilimia 5 ya vitu watu wanavyoviona mpaka kama asilimia 4. Ukisikia hivyo unaona ni asilimia 1 tu, lakini 1 kutoka kwenye 5 ni sehemu ya tano ya soko zima imeondoka, na huo ulikuwa mwanzo. Aprili 2023 wakazima Instant Articles. Agosti mwaka huohuo wakaanza kuziondoa habari zote kwa watumiaji wa Canada, kwa sababu bunge la kule lilipitisha sheria ya kuwataka wavilipe vyombo vya habari, na utetezi wao ulikuwa kwamba habari ni chini ya asilimia 3 ya vitu watu wanavyoviona kwenye Facebook.

Hebu fikiria hilo kama mwenye duka. Una bidhaa ambayo ni chini ya asilimia 3 ya mzigo wako wote, halafu hiyohiyo ndo inakuletea ugomvi na serikali, kesi, malalamiko ya uchaguzi, lawama za uongo. Utaiweka mbele kwenye kaunta? Hutaiweka, na wao hawakuiweka.

Sasa nikueleze mashine inavyofanya kazi, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Kila mtu anapofungua apu, mashine inakusanya posti nyingi sana ambazo zingeweza kumfaa mtu huyo, halafu inakadiria moja moja, hapa atasimama sekunde ngapi, atakomenti, atamtumia nani. Zenye makadirio makubwa ndo zinapanda juu. Linki yako kazi yake ni kumtoa mtu nje ya apu aende kwenye blogu yako, na kwa hesabu za mashine mtu aliyetoka ni mteja kaondoka dukani. Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, wana ripoti wanayoitoa kuhusu vitu vinavyoonekana sana Marekani, na ile ya robo ya pili ya 2021 ilionyesha kwamba kama asilimia 87 ya posti zilizoonekana hazikuwa na linki yoyote ya kwenda nje. Na wale folowazi 86,000? Zamani mtu akikufolo ilikuwa kama ameagiza gazeti, likitoka anapelekewa. Siku hizi, hasa baada ya TikTok kuonyesha kwamba unaweza kumshika mtu masaa kwa kumletea vitu vya watu asiowajua kabisa, kufolo kumekuwa dokezo tu, moja kati ya madokezo mengi ambayo mashine inayaangalia. Kwa hiyo usiwahesabu hao 86,000 kama wasomaji ulionao. Wengi wao ni watu waliowahi kupita hapo siku moja.

Kubusti basi. Ukibusti unalipia posti hiyo moja ionyeshwe kwa watu kadhaa kwa siku kadhaa, hela ikiisha na kuonyeshwa kunaisha, hakuna mlango wowote unaofunguliwa nyuma. Inafaa kwa mtu anayeuza kitu chenye faida inayozidi hiyo hela. We unauza kurasa za AdSense, na hesabu zake hizi hapa: tuseme kurasa 1,000 zinakupa senti 60 za dola, na kubusti ili uwapate watu 1,000 wa kubofya kunakugharimu dola kadhaa. Unanunua mchele elfu tatu unauuza mia tano. Usifanye.

Naongea kwa uchungu kidogo hapa kwa sababu na mimi nimepita humo humo. Mwaka 2017 nilikuwa nasimamia mtandao mmoja wa habari Dar, na wakubwa wangu walipoona idadi ya wanaoingia inashuka wakaamua tunaenda video kila mahali kwa sababu Facebook walikuwa wanaisukuma video. Tukanunua vifaa, tukawapunguza waandishi wawili waliokuwa wanajua mahakama na halmashauri vizuri sana, tukabaki tunakata klipu. Miezi nane tu, Facebook wakabadilisha tena mwelekeo, klipu zikadoda, na wale waandishi wawili tulishawapoteza. Hatukuwa peke yetu. Septemba 2016 Facebook walikuwa wamekiri kwamba kwa kama miaka miwili walikuwa wanaonyesha wastani wa muda wa kuangalia video mkubwa kuliko hali halisi, kati ya asilimia 60 na 80 zaidi, kwa sababu walikuwa hawawahesabu wale walioangalia chini ya sekunde 3. Baadaye, 2019, wakakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi ya wafanyabiashara waliokuwa wanalipia matangazo. Kule Marekani kampuni ya habari ya Mic iliwaachisha waandishi Agosti 2017 ili iwekeze kwenye video, na Novemba 2018 ikawaachisha karibu wafanyakazi wote na kuuzwa. BuzzFeed News, ambao walikuwa wameshinda hadi tuzo ya Pulitzer 2021, walifungwa Aprili 2023. Wale walikuwa na mamilioni ya dola na wataalamu wa kila aina, kwa hiyo usijilaumu hata kidogo kwamba wewe na mdogo wako mmeshindwa kuiona hii inakuja.

Haya, Google, hili ndo daraja. Kuna maswali ambayo jibu lake ni mstari mmoja: Simba wanacheza saa ngapi, msimamo wa ligi, dola leo ni shilingi ngapi. Hayo Google wameanza siku nyingi kuyajibu palepale juu, mtu hahitaji kumbofya yeyote. Mei 2024 wakaanza kuweka majibu yaliyoandikwa na akili mnemba juu ya matokeo, wakaanza na Marekani halafu wakasambaza nchi nyingine. Taasisi ya utafiti ya Pew iliwafuatilia Wamarekani 900 mwezi Machi 2025, ikaona kwamba palipokuwa na muhtasari wa akili mnemba watu walibofya matokeo ya kawaida kwa asilimia 8 ya mara walizotafuta, na pasipokuwa nao ni asilimia 15. Linki zilizomo ndani ya muhtasari wenyewe zilibofywa asilimia 1 tu. Hiyo ni Marekani, usiichukue kama ilivyo ukaibandika Mwanza, lakini mwelekeo ndo huo na namba zako zinasema hivyohivyo. Wenye vyombo wakubwa wameshaanza kwenda mahakamani, kwa mfano Penske, wenye Rolling Stone, walifungua kesi Septemba 2025, ila we usipange maisha yako kusubiri hukumu ya Marekani.

Kwa hiyo nataka ufanye kazi moja ya jioni. Fungua Search Console, ile huduma ya bure ya Google inayokuonyesha kurasa zako zinavyotafutwa, angalia miezi 16 iliyopita, chukua kurasa zako 50 zilizoshuka zaidi na uzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza weka zile ambazo mtu yeyote mwenye intaneti angeweza kuziandika akiwa amekaa kitandani, ratiba, matokeo, tetesi za usajili mlizozitoa kwa wengine, "wasifu wa fulani". Fungu la pili weka zile ambazo ilibidi mtu atoke aende mahali, Mwaloni Kirumba kuuliza bei ya dagaa, halmashauri, kituo cha daladala nauli zilipobadilika, mechi ya mchangani. Nina hakika karibu kabisa utakuta fungu la kwanza ndo limezama na la pili limeshuka kidogo au limesimama. Ikiwa ni hivyo basi una jibu lako la nini uandike na nini uache. Ila ukikuta kila kitu kimeanguka ndani ya siku mbili tatu, au mle ndani kuna onyo la usalama au la adhabu iliyotolewa na mtu wao, hiyo ni habari nyingine, inawezekana blogu imeingiliwa na watu wamepachika kurasa za kamari humo bila wewe kujua, naziona sana. Hapo usihangaike na video za YouTube za kujifundisha, tafuta fundi wa websaiti unayemfahamu akae na wewe kwenye leptop yako, uone anachokifanya, na usimtumie mtu wa mtandaoni nywila yako hata akiwa mpole vipi.

Huyo kijana wa habari 30 kwa siku simshambulii, anaona wengine wanafanya. Lakini angalia anachokwambia kwa mantiki ya hilo daraja: mashine imeanza kujibu maswali rahisi yenyewe, halafu wewe unataka utumie mashine ileile kuandika majibu ya maswali hayohayo umpelekee Google. Ana sababu gani ya kuja kwako? Zaidi ya hapo, Machi 2024 Google waliweka masharti mapya dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa ajili ya kutafuta nafasi tu, iwe zimeandikwa na mtu au mashine, na blogu nyingi zilifutwa kabisa kwenye matokeo. Na kuna suala la uongo. CNET, ambao ni watu wazito kwenye habari za teknolojia, walitoa makala 77 zilizoandikwa kwa msaada wa akili mnemba, Januari 2023 wakalazimika kusahihisha 41. Sasa wewe mwandishi wa mji mmoja, ukiandika kwa makosa kwamba mwenyekiti fulani wa mtaa kakamatwa, utakutana naye sokoni, na mwenye leseni ya blogu ni wewe, mashine haiitwi kituoni. Itumie kunyoosha lugha, kuandika manukuu ya mahojiano uliyoyarekodi mwenyewe kisha uyasikilize tena, kufupisha ripoti ndefu ya bajeti ili ujue ukurasa gani wa kwenda kuusoma. Hapo ni msaidizi mzuri kweli.

Kamera. Hili ndo gumu kidogo kwa sababu video sikukatazi, vijana wengi wa Mwanza wako huko na habari yako wataipata huko au hawataipata kabisa. Nisichotaka ni kuhama na kufunga. Elewa hela inatoka wapi kwanza. TikTok wana mpango wa kuwalipa watengenezaji kwa watazamaji lakini uko kwenye nchi chache, Tanzania haimo, kwa hiyo wanaopata hela TikTok hapa kwetu wengi wanapata kwa zawadi za laivu au kwa biashara zinazowalipa moja kwa moja kuwatangaza. Watazamaji 200,000 wa TikTok kwa jinsi hiyo ni umaarufu, na umaarufu ni mzuri, ila mwenye nyumba wako haupokei. YouTube wao wanatulipa huku: ukifikisha watu 1,000 waliojiunga na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, unagawana nao matangazo, unachukua asilimia 55 kwenye video ndefu na 45 kwenye Shorts, zile video fupi. Usisahau kujaza fomu ya kodi ya Marekani wanayokuletea ndani ya AdSense, wengi wanaipuuza. Ukiijaza wanakata asilimia 30 ya kile tu kilichotoka kwa watazamaji wa Marekani kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi nao, usipoijaza wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote, hata ya mtu aliyekuangalia akiwa Nyegezi.

Halafu kumbuka kwamba TikTok nayo ni foleni ya mtu. India waliizima usiku mmoja, Juni 29, 2020, na watu waliokuwa na mamilioni ya folowazi wakaamka hawana kitu. Marekani ilizimika kwa masaa Januari 2025. Sisi wenyewe hapa Tanzania X, Twitter ya zamani, ilizimwa Mei 2025. Sisemi itatokea, nasema usiweke mayai yote humo. Milioni 2.4 usiitoe sasa. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye shati, ile ya elfu hamsini sitini, tumia simu yako, na kwa miezi mitatu kila habari ya fungu la pili, ile uliyotoka kuifuata, itolee pia video ya dakika mbili, mtu aliyehojiwa aongee mwenyewe. Sauti mbovu inafukuza watu kuliko picha mbovu. Baada ya miezi mitatu ukiona inakubali, ndo tuongee kamera. Na kabla ya video ya kwanza pita ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya Kanda ya Ziwa, iko hapohapo Mwanza, beba leseni yako, waulize inabeba nini na haibebi nini. Usimuulize mtu kwenye grupu, majibu ya kwenye grupu yamewagharimu watu faini.

Kuuza peji, hapana. Najua shemeji anaona milioni 4 taslimu na ana haki ya kuona hivyo, ni yeye anayejua ada ya watoto inatoka wapi. Lakini jiulize mtu anayenunua peji ya habari za Mwanza yenye jina lako na asiyetaka kuendelea kuandika habari za Mwanza, ananunua nini. Ananunua imani ya watu. Baada ya wiki mbili tatu utaona jina limebadilishwa na kuna tangazo la mikopo ya haraka, tuma elfu ishirini ya usajili, na watu watakaotapeliwa ni jirani zako, na wao watakukumbuka wewe. Kwa masharti ya Facebook wenyewe kuuziana peji kumekatazwa, kwa hiyo hata huna mkataba wa kwenda nao popote. Kama umefika mahali unataka kuacha kabisa, hilo ni jambo la heshima, nitakuunga mkono, lakini uza blogu nzima, jina na kumbukumbu zake zote, kwa mtu anayetaka kuiendesha, na siku hiyo kaa na wakili mbele yako.

Mimi ningekuwa wewe ningefanyaje? Ningeanza na WhatsApp. Fungua chaneli, watu wa huku barua pepe hawasomi lakini WhatsApp wanaamka nayo. Chaneli hata hivyo ina kasoro mbili uzijue: namba za wanaokufuata huzioni, na mwenye nayo ni Meta haohao. Kwa hiyo pembeni yake jenga orodha yako mwenyewe, watu wanaokupa namba kwa hiari ili uwatumie habari za asubuhi. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256 kila moja na inamfikia yule tu aliyekusevu, ambayo mi naona ni faida, maana aliyekusevu anakutaka. Ukianza kukusanya namba za watu ujue Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, uliza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi jinsi ya kujisajili, na mtu akisema nitoe, mtoe siku hiyohiyo.

Halafu matangazo ya moja kwa moja, na hapa ndo naona hela yako ilipojificha. AdSense hawakutumii kitu mpaka ufikishe dola 100, ndo maana unalipwa mara moja kwa miezi minne, yaani unaingiza kama dola 25 kwa mwezi. Hiyo ni kama elfu 60 hivi. Mwenye duka la mabati Igoma, chuo cha ufundi, zahanati binafsi, mwenye mabasi, mmoja tu akikulipa elfu 80 kwa mwezi umeshawapita Google, na yeye anawapata watu wa Mwanza watupu, kitu ambacho redio tu ndo ilikuwa inampa. Usiende na karatasi ya folowazi 86,000, mwenye duka mjanja atakuuliza wangapi walikupigia simu. Nenda na watu 1,500 wa WhatsApp wanaofungua kila asubuhi, mpe wiki mbili za bure zenye namba ya simu maalumu, ahesabu mwenyewe simu zilizoingia, halafu muongee bei. Wakifika wanne watano tafuta mhasibu au pita TRA muweke sawa mambo ya kodi na risiti kabla hayajawa mengi, na andika alama ya TANGAZO kwenye kila kilicholipiwa, msomaji akigundua ulimficha hutampata tena.

Sikuahidi kwamba watu 12,000 kwa siku watarudi. Sidhani kama watarudi, ile foleni imeondoka. Unaweza ukaishia na watu 2,000 wanaokuja kwa miguu yao na wafanyabiashara sita wanaokulipa, na kwa mji kama Mwanza na watu wawili ofisini hiyo inaweza kulipa chumba, bando na zaidi. Inaweza pia isilipe. Jipe miezi sita, kaa na shemeji muandike kwenye karatasi kiasi ambacho kisipoingia kwa mwezi hadi tarehe fulani, mtafungua duka na blogu itabaki kazi ya jioni. Mkubaliane hivyo kabla, msije kubishana mkiwa mmeshakata tamaa.

Posti habari nne kwa wiki, acha kabisa tetesi za usajili, na hii ya kwanza nakuomba iwe ya Kigongo na Busisi. Wale akina mama wa samaki na vijana wa karanga walienda wapi baada ya daraja, nani alihamia Usagara, nani alirudi kijijini, nani bado anakaa pale pale anasubiri. Chukua maiki yako ya elfu hamsini uende ukawaulize, ukimaliza nitumie linki.